Picha za karibu msituni Amani: nunua mwanga kabla ya lenzi

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Muheza ameniandikia:

"Shikamoo mzee. Nina kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Huwa napeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira katika msitu wa Amani, na napenda sana kupiga picha za karibu za wadudu, uyoga na vyura. Pale shuleni, juani, picha zinatoka vizuri. Nikiingia msituni zinatoka na giza, na hata zile zenye mwanga wa kutosha hazionekani sawasawa, mdudu anakuwa kama amefutwa kwa kidole. Nimeanza kudunduliza fedha ninunue lenzi ya makro, ile ya picha za karibu sana. Je, tatizo langu ni lenzi? Na tukiwa njiani na wanafunzi, tutafute nini, na wapi?"

Marahaba, mwalimu. Tatizo lako si lenzi, na nakuomba hizo fedha uzishike kwanza. Swali lako limeshabeba jibu: juani picha ni nzuri, msituni zinaharibika. Lenzi ni ileile na mikono ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga. Lenzi ya makro ya milimita 100, hata iwe ghali namna gani, ukiingia nayo kwenye kivuli cha Amani bila mwanga wa ziada itakupa mdudu mkubwa zaidi mwenye ukungu mwingi zaidi.

Hesabu yake ni hii, uifuate taratibu maana mengine yote yanatoka hapa. Katika msitu mnene wa kitropiki, mwanga unaofika chini kwenye majani makavu mara nyingi ni asilimia moja au mbili tu ya ule unaopiga vilele vya miti. Jicho lako huzoea kivuli hicho baada ya dakika chache ukadhani kuna mwanga wa kutosha. Kamera haizoei. Halafu kuna hasara ya pili: kadiri unavyomkaribia mdudu, mwanga unaofika kwenye sensa, yaani ile sehemu ndani ya kamera inayopokea picha, unazidi kupungua. Ukifika kiwango cha moja kwa moja, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kamili kwenye sensa, unabaki na robo tu ya mwanga ambao ungeupata kwa kupiga kitu cha mbali kwa apecha hiyohiyo, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga.

Hasara ya tatu ndiyo inayowatesa watu wengi bila kuijua. Kwa ukaribu huo, eneo lililo wazi kwenye picha ni jembamba mno. Kwa kamera ya aina yako, ukiwa kwenye kiwango cha moja kwa moja na apecha ya f/5.6, kinachokuwa wazi ni kama nusu milimita kutoka mbele hadi nyuma. Ukibana apecha hadi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) unapata karibu milimita 0.9. Buibui ana macho, ana miguu, ana tumbo, na vyote hivyo havikai ndani ya nusu milimita, kwa hiyo inakulazimu ubane apecha. Ukishaibana, kamera inataka shata ya polepole, yaani muda mrefu zaidi wa kupokea mwanga. Kwa f/11 na ISO 400 (ISO ni wepesi wa kamera kuuhisi mwanga) chini ya kivuli kizito, shata inaweza kushuka hadi 1/6 ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kushika kamera kwa mikono ikatulia muda huo akiwa ameinama, huku jani analopigia picha linapepea. Ule ufutiko unaouona ni mtikisiko.

Njia za kutoka hapo ni tatu. Unaweza kupandisha ISO hadi 3200 au 6400, ila kamera ya bei ya kawaida itakujazia chengachenga, na vile vinyweleo vya mdudu, ambavyo ndivyo utamu wenyewe wa picha ya makro, vitamezwa. Unaweza kutumia tripodi. Kwa uyoga ni njia nzuri sana na nitairudia. Kwa kiumbe kinachotembea tripodi haikusaidii. Njia ya tatu ni kwenda na mwanga wako mwenyewe, na hii ndiyo ninayotaka uishike.

Kamera nyingi za aina yako zina flashi ndogo inayochomoza juu. Anza na hiyo. Weka kamera kwenye M, yaani kuseti kwa mkono, shata 1/200, apecha f/11, ISO 200 au 400. Piga picha moja flashi ikiwa imezimwa, ukiwa ndani ya msitu. Itatoka nyeusi au karibu nyeusi, na ndivyo tunavyotaka. Maana yake mwanga wa msitu hauchori chochote kwenye picha yako. Kitakachochora ni flashi peke yake. Flashi ikifanya kazi kwa nguvu ndogo huwaka kwa muda usiofika 1/1,000 ya sekunde, kwa hiyo mkono ukitetemeka, mdudu akichezesha vipapasio, picha haina nafasi ya kuuona mtikisiko huo. Umeondoa giza na ufutiko kwa pamoja, na hujatumia hata shilingi.

Ila flashi tupu ni mwanga mbaya. Mende mwenye mgongo unaong'aa atatoka na doa jeupe lililoungua, kivuli chake kitakuwa cheusi na kikali, na lenzi yenyewe itaweka kivuli chini ya picha. Dawa ni kuulainisha mwanga huo kwa difyuza. Kanuni yake inatazama kitu kimoja: chanzo cha mwanga kina ukubwa gani kikilinganishwa na kinachopigwa picha, na kiko karibu kiasi gani. Flashi yenye upana wa sentimita 4 iliyo mbali na mdudu inamulika kwa kuchoma. Karatasi nyeupe ya upana wa sentimita 15 ikiwa imesogezwa sentimita 5 juu ya mdudu huyohuyo inafunika karibu anga lake lote, na vivuli vinalainika vyenyewe.

Difyuza utaitengeneza nyumbani. Tafuta boksi la lita moja la maziwa ya muda mrefu au juisi, lile ambalo ndani lina rangi ya fedha. Lioshe, likaushe vizuri. Toboa upande mmoja upenyeze flashi, kisha ukate upande wa pili kwa mshazari ili mdomo wa boksi uelekee chini, mbele kidogo ya lenzi. Funika mdomo huo kwa karatasi nyeupe mbili za printa, au kwa kipande cha dumu jeupe la plastiki linalopitisha mwanga, halafu ulifunge boksi kwa mpira. Rangi ya fedha inasukuma mwanga mbele, weupe unautawanya. Ukimaliza, piga picha ya mgongo wa kijiko. Kwenye kijiko utaona umbo halisi la mwanga wako: ukiona kidoa kikali katikati, ongeza karatasi au isogeze mbali kidogo na flashi, ukiona eneo pana jeupe lenye kingo laini, uko tayari kwa mende yeyote wa Usambara. Picha ikizidi weupe, punguza nguvu ya flashi kwenye menyu ya kamera, usiguse shata.

Hapo baadaye, ukitaka kutoa fedha, nunua flashi ya nje ya kuseti kwa mkono, kwa mfano Godox TT600, uitengenezee difyuza kubwa zaidi kwa njia hiyohiyo. Faida yake ni nguvu, na kuwaka upya haraka. Flashi ndogo ya kamera inakula betri na inakuchelewesha kati ya picha na picha, na buibui hasubiri. Anza na 1/16 ya nguvu yake, upandishe au ushushe kulingana na unachokiona.

Utakutana na jambo moja ambalo wapiga picha tunabishana. Mwanga wa flashi unaisha haraka sana nyuma ya mdudu, kwa hiyo mandhari ya nyuma inatoka nyeusi tii. Wako wanaopenda hivyo. Mimi, kwa mdudu aliyepigwa saa tano asubuhi, sipendi. Picha inasema ni usiku na kumbe si usiku, na mwanafunzi anayeitazama haelewi kiumbe kinaishi wapi. Tafuta pembe ambayo kuna jani sentimita chache nyuma ya mdudu, flashi ilifikie. Au panda hadi ISO 800 na ushushe shata hadi 1/60 ili mwanga wa msitu nao uingie kidogo. Kijani kitarudi.

Sasa ukaribu wenyewe. Lenzi yako ya 18 hadi 55, ukiikaribisha mpaka mwisho wake, inaona eneo la upana wa sentimita 6 hadi 9, ikitegemea aina. Hiyo inatosha kabisa kwa ua, kwa uyoga, kwa kipepeo mkubwa, kwa kinyonga. Kwa buibui wa milimita 8 haitoshi, atakuwa nukta. Kabla ya lenzi ya makro kuna pete za kurefusha, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Ndani hazina kioo; kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 36 kwenye lenzi iliyowekwa 55 inakuongezea ukuzaji wa kama 0.65, na ukijumlisha na ule wa lenzi yenyewe unakaribia kiwango cha moja kwa moja. Nunua zile zenye vituo vya umeme, maana zisizo navyo zinakata mawasiliano na lenzi za siku hizi nyingi, ukabaki huwezi kubana apecha. Na zitumie lenzi ikiwa kwenye 55. Ukiirudisha 18, fokasi, yaani pale picha inapokuwa wazi, itaangukia ndani ya lenzi na hutaona kitu.

Kama shuleni kuna mwenye lenzi ya 55 hadi 250 au inayofanana nayo, basi lenzi ya kubana mbele kama Raynox DCR-250 ni bora kuliko pete. Unaibana na kuibandua kwa sekunde chache, na unabaki na nafasi ya kama sentimita 12 kati yako na mdudu. Kwa kipepeo au kereng'ende nafasi hiyo ni muhimu.

Usibane apecha kupita f/11 ukidhani unapata faida zaidi. Kwa ukaribu huu f/11 inafanya kazi kama f/22, na ukienda mbele picha nzima inaanza kulainika kwa sababu ya tabia ya mwanga wenyewe kupinda kwenye tundu dogo. Wembamba wa eneo lililo wazi unatibiwa kwa pembe. Kipepeo aliyefunga mabawa ni bapa. Simama ili sensa ya kamera iwe sambamba na bawa lake, na bawa zima litaingia kwenye ile milimita moja. Ukimpiga kwa mshazari utapata kipande. Kiwavi mpige ubavuni. Kwa buibui na vunjajungu shuka hadi usawa wa macho yao, na jicho lililo karibu nawe ndilo liwe wazi. Mguu ukipotea, msomaji wa picha atasamehe, jicho likipotea hasamehe.

Fokasi ya kujiendesha izime. Amua ukubwa unaotaka, funga lenzi hapo, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole mpaka jicho la mdudu liwe wazi, ubonyeze. Ukiweza, shika kijiti au shina la jani kwa mkono wa kushoto na uegemeze lenzi kwenye mkono huohuo, ili jani likitikisika, lenzi nayo itikisike pamoja nalo. Hilo peke yake litakuongezea picha nzuri kuliko kifaa chochote cha dukani. Piga nyingi. Picha nyingi za makro hutupwa, hata za waliobobea.

Sasa tuingie njiani. Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, na sababu yake iko miguuni pako: viumbe vingi vya Usambara Mashariki havipatikani kwingine duniani, na vingi ni vidogo. Watalii huuliza wanyama wakubwa wako wapi. Wewe na wanafunzi wako mna jibu zuri zaidi kuliko wanalolitegemea.

Msianzie ndani kabisa. Anzeni kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na kwenye kingo za barabara karibu na mashamba ya chai. Mwanga unaingia, wadudu ni wengi, na wanafunzi watajifunza kushika kamera bila kuhangaika na giza. Kisha chagueni kipande kifupi cha njia ya msituni, mita mia mbili au tatu tu, mkae nacho asubuhi nzima. Najua mwongozaji atataka kuwapeleka hadi kwenye maporomoko ya maji na kurudi. Mwombeni kwa heshima muende polepole. Anayetembea kilomita tano anaona miti. Viumbe vya makro anaviona aliyechuchumaa.

Mfundishe kila mwanafunzi kupekua sehemu nne: chini ya jani, juu ya gome, ndani ya gogo linalooza, na mawe yaliyo kando ya kijito. Chini ya majani mapana ndiko buibui warukaji, wale wenye macho mawili makubwa mbele, wanapowinda na kupumzika. Mrukaji ni mwalimu mzuri wa makro kwa sababu ukisogea polepole hakimbii, anageuka kukutazama. Kwenye gogo kuna jongoo, kuna uyoga wa umbo la kikombe chekundu au cha rangi ya chungwa, na baada ya mvua vinatokea viuyoga vya shina jembamba kama uzi ambavyo haviishi hata siku mbili. Amani hupata mvua karibu mwaka mzima, lakini wakati wa uyoga hasa ni masika, Machi hadi Mei, na tena vuli inapoanza mwezi wa kumi.

Uyoga ndio mahali pa tripodi, au mfuko. Shona mfuko mdogo wa kitambaa, ujaze maharage makavu, uulaze chini na kamera juu yake. Zima flashi. Tumia mwanga wa msitu, shata ya sekunde nzima hata mbili, na ubonyeze kwa kutumia saa ya kamera ili usiitikise. Kioo kidogo cha kujitazama, kikiwekwa chini kuelekea kofia ya uyoga, kinarudisha mwanga kwenye matamvua yake bila kuharibu ule ulaini wa asili. Kwa kuwa uyoga hautembei, unaweza kupiga picha kumi au ishirini ukisogeza fokasi kidogo kila mara, kisha uziunganishe kwenye kompyuta kwa programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker ili uyoga wote uwe wazi. Usijaribu hivyo kwa mdudu aliye macho.

Kwenye mawe yenye unyevu na kivuli, mtafute ua ambalo nadhani kila mwanafunzi wa Tanga angelijua kwanza. Ni dogo, la zambarau, lenye vishina viwili vya njano katikati na majani yenye manyoya laini. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani Tanga, alipeleka mimea au mbegu zake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Leo wanasayansi wameliingiza kwenye jenasi ya Streptocarpus. Mamilioni ya vyungu vinavyouzwa kwenye maduka ya maua Ulaya na Marekani vimetokana na mimea ya pwani yetu na milima hii. Pigeni picha na msichume hata jani. Fokasi iweke kwenye ile njano, na punguza mwanga kidogo, kwa sababu zambarau ikizidishiwa mwanga inapauka na kugeuka buluu.

Muda mzuri ni asubuhi na mapema. Usiku kule juu ni wa baridi, na wadudu hawana joto la mwili la kujitegemea, kwa hiyo jua linapoingia msituni wanakuwa bado wazito. Kipepeo ambaye saa tano hakukaribishi hata mita mbili, saa moja anakaa umpige hadi utosheke, tena akiwa na umande. Upepo nao unakuwa haujaanza. Kama mtalala Amani, ombeni mwongozaji atembee nanyi usiku kwa tochi. Vinyonga hulala kwenye ncha za matawi membamba, na wakilala rangi yao hupauka, kwa hiyo tochi huwaona upesi kuliko jua. Wako vinyonga wadogo kama Rhampholeon temporalis, wa Usambara Mashariki pekee, rangi ya jani kavu, urefu usiofika kidole cha mkono wa mtu mzima. Baadhi ya wanafunzi wataogopa, maana wamelelewa wakiambiwa kinyonga ni mkosi. Usiwakemee. Waoneshe jicho lake kwenye kioo cha kamera, likiwa limejaa picha nzima, na hofu nyingi itaondoka.

Mpige mara mbili tatu, uzime tochi, muondoke. Msimwamshe, msimkate tawi, msimhamishie kwenye jani zuri zaidi. Kinyonga aliyehamishwa usiku ameondolewa mahali alipopachagua kwa usalama wake. Hali kadhalika kwa vyura. Amani kuna chura mdogo, Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini bali huzaa vichura vilivyokamilika, na usiku humkuta juu ya majani. Ndugu yake wa karibu, chura wa Kihansi kule Udzungwa, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa kuchangia. Kwa hiyo msiwashike. Safisheni viatu vyenu tope kabla ya kuingia. Ngozi ya chura inapitisha vitu, na mkono uliopakwa dawa ya mbu yenye DEET unaweza kumdhuru. DEET hiyohiyo huyeyusha plastiki, kwa hiyo nawa kabla ya kushika kamera vilevile.

Gogo ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, upande uleule chini. Kuna watu huweka mdudu kwenye friji ili atulie, au humbandika gundi. Picha za namna hiyo wataalamu huzitambua, na mimi sioni sababu ya mwalimu wa mazingira kuzionesha darasani.

Kuhusu usalama, mpiga picha wa makro ana hatari yake tofauti na mtembezi: anapiga magoti na kulala chini huku jicho likiwa kwenye kamera. Kabla goti halijagusa ardhi, tazama majani makavu. Nyoka wa jamii ya kifutu hulala humo na rangi zake zinafanana na majani hayo sana. Tazama kama kuna msafara wa siafu. Juu ya vichaka kuna majimoto walioshona majani, na pembeni ya njia kuna upupu. Suruali ndefu iliyoingizwa kwenye soksi, viatu vya kufunika vifundo. Kiingilio na mwongozaji mtavipata kwa maofisa wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na waambieni mapema kwamba mnakwenda kupiga picha za masomo.

Unyevu wa Tanga nao ni adui wa lenzi. Huotesha kuvu ndani ya kioo. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viweke kwenye begi la kamera na ulifunge vizuri. Na kama mmekuja na gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi kwa muda kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitajaa mvuke.

Wanafunzi wenye simu wasijione wameachwa. Kamera ile ya makro iliyowekwa kwenye simu nyingi za bei nafuu haina lolote, sensa yake ni duni. Watumie kamera kuu ya simu pamoja na kilenzi cha kubana kwa kibanio, na mwenzao ammulikie mdudu kwa tochi ya simu nyingine kupitia karatasi nyeupe. Mmoja anapiga, mmoja anamulika: kanuni ni ileile ya boksi lako.

Mkirudi, zipandisheni picha kwenye iNaturalist, mtandao ambako watu husaidiana kutambua viumbe, mkiandika tarehe na mahali. Kwa uyoga wataalamu watataka kuona chini ya kofia na sehemu ya chini ya shina. Kwa mdudu, juu na ubavuni. Kwa mmea, jani pamoja na ua. Picha nzuri ya pembe moja mara nyingi haitoshi kumtambua kiumbe, picha tatu za kawaida za pembe tatu zinatosha. Mahali pa vinyonga msipatangaze kwa usahihi popote pengine, kwani vinyonga wa milima hii wamekuwa wakikamatwa kwa biashara ya wanyama wa kufuga majumbani. Na mkipita vijijini, wako wakulima wa Amani waliojifunza kufuga vipepeo. Waulizeni kipepeo gani hutaga kwenye mmea gani. Mwenye kujua mmea wa kiwavi hahangaiki kumfukuza kipepeo, anakwenda kumsubiri.

Anza na boksi la maziwa na kijiko wiki hii, pete baadaye, flashi ya nje ikifuata. Ukishafika hapo na bado unaona lenzi ya makro inakosekana, tutazungumza aina gani. Niandikie pia jina la kamera yako lilivyo kwenye mwili wake, nikuelekeze menyu ya kupunguzia nguvu ya flashi iko wapi, kwa sababu kila kampuni imeificha mahali pake.